Habari za Mguu wa Mama

Bomani, Songea
9 Agosti 1909

Mpendwa kaka yangu Abasi,

Assalaam aleikum, na baada ya salamu, shikamoo. Nataraji barua hii itakukuta mzima huko Tanga, wewe na shemeji Mwamvua, na kile kifua chako kimetulia. Sisi hatujambo, alhamdulillahi, ila mimi nimechoka, kaka. Nimechoka hata kalamu naiona nzito. Usinilaumu kwa kukaa miezi mingi bila kukuandikia.

Kazi yangu ni ileile, kuosha na kufunga vidonda katika nyumba ya wagonjwa hapa bomani.

Sasa habari za mama. Kile kidonda cha mguu alichokipata tulipojificha porini wakati wa vita vya Majimaji kilifika mfupani. Mwezi wa nne nilikwenda kwetu Namasakata nikamleta kwa machela, siku kumi na mbili njiani. Alikuwa halali kwa maumivu. Alitaka jambo moja tu: mguu ukatwe, apumzike.

Daktari Mjerumani hakushika kisu. Mguu aliutazama mara moja tu, halafu akaanza kumpima mama mwenyewe. Alimweka kwenye mizani ya kupimia nta, akapata uzito wa mzigo mmoja wa mpagazi na ziada kidogo. Akampa mkono aubane. Akamwambia ainuke kwenye kigoda kwa ule mguu mzima, bila kushika kitu. Mama alijaribu mara tatu, akarudi chini mara tatu.

Daktari anajua Kiswahili, lakini mama, unamjua, ni Kiyao tu. Kwa hiyo mimi nikawa katikati yao.

"Nyumbani anafanya kazi gani?" daktari akauliza.

Mama akanijibu upesi, "Mwambie natwanga, nachota maji, nakula sahani nzima."

Kaka, tangu Ramadhani jirani yetu Mwanne ndiye aliyekuwa akimchotea maji, na chakula alikuwa anaonja tonge mbili tu. Mama alijua akionekana dhaifu hatakatwa. Nami nilijua. Daktari akauliza tena. Nikamwambia kweli.

"Basi nikimpa dawa ya usingizi leo, hataamka," akasema. "Mlishe wiki sita, kisha nitampima tena."

Akaniuliza kwa nini mzee huyu amekonda namna hii. Maghala yetu yalichomwa na nani, kaka? Nikamjibu kwamba ni njaa tu. Jibu lile linaniuma mpaka leo.

Mama aliposikia wiki sita aligeukia ukutani. Siku tisa hakusema nami. Alimwambia mke wangu Biasha kwamba amezaa mtoto wa kumtia aibu mbele ya wageni.

Tukamlisha. Uji wa ulezi, mayai, kunde, maziwa yakipatikana. Asubuhi na jioni nilimshika kwapani tukatembea hadi uani na kurudi, naye ananung'unika kila hatua. Kidonda hakikutungoja, kilizidi kuoza, na nilipokiosha aliuma nguo yake asipige kelele. Siku moja nilikaa nyuma ya jiko nikalia. Niliona nimemnyima mama pumziko lake, na huenda nimemwongezea mateso ya bure.

Wiki sita zilipotimia akainuka kwenye kigoda, mara ya kwanza hakuweza, ya pili akasimama. Daktari akakubali.

Mimi ndiye niliyeshika kitambaa cha dawa puani mwake. Aliniangalia mpaka macho yakajifumba. Katikati ya kazi pumzi zilikatika. Daktari akaacha msumeno, tukangoja, wala sijui tulingoja kiasi gani. Zikarudi.

Yu hai, kaka. Analala usingizi, na anatembea kwa magongo, ingawa mpaka sasa hajaniambia ahsante. Mguu niliufunga sanda nikauzika mwenyewe kando ya makaburi.

Juzi aliniomba nimpeleke pale. Alikaa chini muda mrefu, akipapasa udongo. Kisha akasema, "Mwandikie Abasi. Mwambie kipande hiki kimezikwa na mtoto mmoja. Kilichobaki nataka kizikwe na wawili."

Nimekuandikia kama alivyosema. Sina nguvu ya kuongeza neno langu.

Biasha anakusalimu sana. Nisalimie shemeji Mwamvua, na Bashiru mwanenu, mwambie bibi yake anamuulizia urefu wake. Mwenyezi Mungu akulinde kazini na akufungulie njia ya kurudi kwetu.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Chande