Mtetemo Uliowahi Kufika

Jumatano, Handeni. Jua limechoma tangu asubuhi, na upepo umetia vumbi hadi kwenye uji. Nina hasira, na sitajidanganya kwamba ni joto.

Bwana leo amefurahi. Tangu tutoke Korogwe sijapata kumwona Mdachi huyu akicheka, lakini leo amecheka peke yake hemani, akanipiga bega, akanionyesha karatasi ambayo nimeichora mwenyewe kwa mkono wangu.

Kazi yetu ni hii. Tunalipua baruti shimoni, na watu wamekaa mbalimbali kwenye mstari mmoja, kila mtu na bakuli lake la zebaki. Zebaki ikitikisika, anabonyeza kidude cha waya, na saa ya hemani inatia alama. Mimi nachora nukta: umbali huku, muda kule. Bwana anazisoma nukta ili ajue chini yetu kuna nini.

Aliyekaa mbali kuliko wote alikuwa rafiki yangu Mhina. Mwezi uliopita nukta zake zilikuja mapema mno. Bwana akasema Mhina haangalii bakuli, anabahatisha tu ili arudi kivulini. Akampeleka bomani. Mhina akachapwa viboko hamsa ishirini sokoni, watu wote wakitazama, askari akitangaza kwamba huyu ni mwongo.

Mwongo!

Leo Bwana ametuamuru tulipue tena, na mahali pa Mhina amekaa yeye mwenyewe. Nukta ikaangukia palepale zilipoangukia za Mhina. Ndipo akaelewa. Udongo mwekundu wa juu umelegea, mtetemo unajikokota ndani yake. Lakini mwingine unashuka hadi kwenye mwamba mgumu, unakimbia humo, kisha unapanda juu. Kwa aliye karibu, huo ni mzunguko wa bure. Kwa aliye mbali ndio unaotangulia, kama mtu anayezunguka kwa barabara kavu akamwacha nyuma aliyekata tope. Pale mstari wa nukta unapopinda, Bwana anapata kina cha mwamba.

Nikamwuliza, na Mhina je? Akajibu bila kuinua macho, "Yamekwisha hayo. Mwambie arudi kazini."

Yamekwisha kwa nani? Mimi ndiye mshenga wa Mhina. Mimi ndiye niliyepeleka posa Mazingara kwa Mzee Semkiwa, na juma lililopita mimi ndiye niliyeitwa kuambiwa imekataliwa. Mzee alinipokea vizuri, akanipa maji, halafu akasema, "Mwanangu, wewe sina ugomvi nawe. Ila binti yangu simwozi mtu aliyetangazwa sokoni kuwa mwongo."

Nilipomfikishia Mhina, alikuwa amelala kifudifudi, mgongo haujapona. Alisema neno moja tu: "Ndugu yangu, mimi niliiona zebaki ikitikisika."

Nimemwomba Bwana akaliseme hilo mbele ya watu. Ameniuliza kama nami nina hamu ya kwenda bomani.

Naogopa. Ngozi yangu si ya kifaru. Lakini aliyechafuliwa sokoni hasafishwi hemani. Habari mbaya ilifika Mazingara kwa midomo ya watu wa sokoni, na hii nayo wataibeba wao. Nitasimama palepale alipolazwa Mhina, niseme kwa sauti kwamba alisema kweli, na Bwana anajua.

Kesho ni siku ya soko.