Kabla ya Kulifungua Kasha

Camagüey, 4 Machi

Yunier mwanangu,

Hujambo? Mgongo wako unaendeleaje na ile kazi ya ghala? Mimi mzima, goti tu ndilo linanisumbua, na umeme unakuja na kuondoka unavyojisikia, ndiyo maana barua zangu nakutumia kwa simu.

Memori na diski mpya ulizompa yule msafiri zimefika. Nilizikagua moja moja mbele yake, akanuna. Anune tu. Kompyuta yenyewe imechoka kabisa. Nikifungua mchoro wa nyumba moja naweza kwenda kuchuja kahawa, nikarudi, bado inawaza. Wiki hii imejizima mara tatu. Na unajua kilichomo humo: nyumba mia mbili na kumi na mbili za mji huu, nilizozipima na kuzichora mwenyewe tangu ukiwa tumboni, na themanini kati ya hizo zimeshaanguka. Zikipotea humo, zimepotea duniani.

Evelio, yule fundi wa nyumba ya mkabala, amesema atakuja kubadilisha hivyo vifaa. Lakini sikiliza. Jana nikipangusa vumbi nimeona ile karatasi niliyobandika juu ya tundu la kuchomekea diski za nje, ile yenye saini yangu, imekatwa kwa wembe na kubandikwa tena kwa gundi nyingine. Mtu amenakili michoro yangu! Walioigusa mashine hii ni wawili tu, wewe na Evelio. Na shemeji yake Evelio anafanya kazi wapi? Ofisi ile ile walikotaka kuchapisha kazi yangu kwa jina lao. We unaonaje?

Mama yako


Montevideo, 7 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, mgongo unavumilika. Goti likande kwa maji ya moto, usilidharau.

Sasa kazi yenyewe. Kabla hata bisibisi haijaguswa, nakili michoro yote kwenye diski ya nje. Hilo kwanza, nakusihi. Halafu zima kompyuta kwa utaratibu, usiikatie umeme ghafla. Chomoa plagi ukutani, na ile betri ya akiba iliyo chini ya meza itenge kabisa. Piga picha ya nyaya zote ujue kila mmoja unarudi wapi, ndipo uzitoe. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia, ukishikilie kama sekunde kumi, maana kuna umeme unaobaki ndani hata plagi ikishatoka. Meza iwe ya mbao, kavu, na chini pasiwe na zulia. Na kabla ya kugusa chochote cha ndani, shika kwanza chuma cha kasha la kompyuta, umeme wa mwilini uishie hapo. Wewe huusikii, lakini memori inausikia.

Evelio anayajua haya yote. Mwache afanye.

Mwanao


Camagüey, 12 Machi

Yunier mwanangu,

U mzima? Goti limetulia. Evelio nimemfukuza.

Usigune. Alikuja juzi, hata kahawa hajamaliza, ananiambia, "Mama Obdulia, vua pete na bangili kama unataka kusimama karibu."

"Pete yangu na kompyuta wapi na wapi?"

Ati chuma kikigusa ndani kinaunguza vitu. Mtu akikwambia vua pete, mwanangu, macho yake yako kwenye pete. Kisha akaanza kuvuta kabati ili aifikie plagi, wakati mtaa mzima hauna umeme tangu asubuhi! Unachomoa nini mahali pasipo na kitu? Nikajua huyu anataka kuibeba mashine. Halafu akatoa mfukoni diski yake mwenyewe, tunakili kwanza kwa betri ya akiba, anasema. Hapo hapo nikamwuliza habari ya karatasi. Akaapa kwa roho ya mama yake kwamba hajaigusa. Nikamwambia, "Mwizi mkubwa wewe, toka nyumbani kwangu!" Mlango ulikuwa wazi, majirani wakasikia. Leo Nereida wa nyumba ya pili ameipeleka redio yake kwa fundi mwingine.

Ila na wewe hujanijibu. Nilikuuliza unaonaje kuhusu karatasi, ukaniletea habari za zulia.

Mama yako


Montevideo, 13 Machi

Mama,

Shikamoo. Pete kweli huvuliwa, hata mimi ningekwambia hivyo. Na kuhusu plagi pia yuko sahihi. Mrudishe, tafadhali. Hiyo karatasi achana nayo, gundi za huko hubanduka zenyewe kwa joto. Usilifungue kasha peke yako. Nakimbilia zamu.

Mwanao


Camagüey, 29 Machi

Yunier,

Gundi haikati karatasi kwa wembe. Salamu utanisamehe, leo sina.

Tarehe kumi na nne, saa nane mchana, umeme ulikatika nikaona ndiyo nafasi. Nilivua pete. Nilipiga picha za nyaya, nikatenga betri, nikashika chuma, kila kitu ulichosema. Kunakili sikunakili, maana nakala moja ikitoka ndiyo wizi wenyewe. Na plagi sikuichomoa, waya wake nikauacha kwenye kasha. Iko nyuma ya kabati, na umeme haukuwepo mtaa mzima, Yunier, hata taa moja!

Memori ilikuwa ndiyo inaingia mahali pake, umeme ukarudi. Ulirudi kwa nguvu hata balbu ya jikoni ikapasuka. Ndani ya kasha nikaona cheche, kisha harufu ya mpira unaoungua. Mkono ulinifa ganzi mpaka jioni. Diski ya zamani haizunguki tena. Nimempelekea yule fundi wa Nereida, akaifungua, akatikisa kichwa. Nyumba zangu zote. Hata ile ya mtaa wa San Ramón, iliyoanguka mwaka jana na mvua, ambayo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuipima.

Jana nikaona, kama Evelio aliiba basi anazo. Nikaenda kumgongea. Nilimpigia magoti mlangoni kwake, nikamwambia nirudishie ulichoiba, sitasema neno kwa mtu. Akalia yule baba mzima. "Mama Obdulia, ningekuwa nazo ningekupa. Sina." Sikumwamini. Mpaka saa hii simwamini.

Mama yako


Montevideo, 29 Machi

Mama,

Ni mimi.

Asubuhi ile ya safari yangu, ulipokwenda kupanga foleni ya mkate, nilikata karatasi kwa wembe nikanakili kila kitu kilichokuwemo. Nilitaka niondoke na mji. Sikukuomba kwa sababu nilijua utakataa. Barua yako ya kwanza ilipofika niliona aibu, nikasema utasahau. Ulipomfukuza Evelio aibu ikazidi, nikashindwa kabisa.

Zipo hapa, mama, nyumba mia mbili na tatu. Tisa ulizochora baada ya mimi kuondoka ndizo sina. Kuna mtu anasafiri katikati ya Aprili, nitampa akuletee. Nisamehe.

Mwanao


Camagüey, 9 Aprili

Yunier mwanangu,

Natumai barua hii inakukuta salama. Mkono umepona.

Siku niliyosoma maneno yako nilicheka peke yangu jikoni, nikamshukuru Mungu. Kisha nikaketi, na tangu hapo sikuweza kukuandikia.

Kwa kunakili nimekusamehe siku ile ile. Ulikuwa unakwenda mbali. Lakini nilikuandikia kwamba nimemwita mtu mwizi mlango ukiwa wazi, nawe ulijua, ukaniambia habari za gundi. Hapo bado sijafika. Na mimi sijitoi, mdomo ulikuwa wangu.

Nilikwenda kwa Evelio. Hakufungua. Nikasema nikiwa nje, kwa sauti ile ile niliyomtukania, ili wale wale waliosikia mwanzo wasikie tena, kwamba aliyechukua ni mwanangu na yeye hakugusa kitu. Nilimsikia akizima redio ili asikie vizuri, basi.

Kwa hiyo diski usinitumie mimi. Iandike jina la Evelio na anwani yake, na weka barua yako humo, ueleze yote mwenyewe. Aisome yeye kwanza. Akitaka kuniletea nyumba zangu, ataniletea. Asipotaka, usinitumie nyingine kwa siri.

Mama yako