Basi la Shangazi Hester

Hensley Fork, Kentucky
9 Machi

Kaka Orville mpendwa,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na wifi yangu Marlys, na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hautulii. Kwenye simu nililia tu, kwa hiyo sasa nakueleza yote.

Jumanne ile mto ulianza kupanda saa nne asubuhi. Hapo kaunti, ofisini kwetu, tukafungua mpango wa dharura. Shangazi Hester, kwa vile hakuweza tena kutembea, alikuwamo kwenye orodha ya watu wa kufuatwa nyumbani na basi la shule linalopakia viti vya magurudumu. Dereva aliyeandikwa ni Delmar Yount. Tulipopiga namba yake alipokea mjane wake, akasema Delmar yuko makaburini mwaka wa tatu sasa, labda tumjaribu huko.

Tulipopata dereva mwingine, daraja lilikuwa limeshazama. Jirani yake Shangazi, Roscoe Tackett, alimfikia kwa mtumbwi wake wa kuvulia saa tisa. Shangazi alikuwa ameshakufa, maji yamefika kwenye rafu za vyombo.

Juzi mwenyekiti wa kaunti, Bwana Prater, alituita kanisani. Aliinua lile jalada nene la mpango wa dharura mbele ya watu waliopoteza kila kitu, bila haya, akasema kaunti ilijiandaa vizuri, ila mvua ya Mungu haipangiwi. Roscoe akasimama na buti zake za matope: "Mheshimiwa, dereva wenu ni marehemu. Mlikuwa mnangoja afufuke?" Prater akamwambia huu si wakati wa kutafuta mchawi.

Sasa nisikilize, maana hili hujalisikia kwa mtu. Mpango ule naupiga chapa mimi. Kila Januari Prater huniambia nibadilishe mwaka tu kwenye jalada, jimboni hakuna anayesoma. Nami nilibadilisha mwaka tu, mara tatu, ilhali chakula cha msiba wa Delmar nilikipeleka kwa mikono yangu. Na saa tano asubuhi ile Shangazi alinipigia. Alisema Roscoe yuko mlangoni na gari lake, aende naye? Nikamwambia, "Shangazi, tulia hapo hapo, basi lako linakuja." Alinishukuru, Orville.

Nilisimama palepale kanisani nikayasema yote. Prater aliniambia nikae, nimechoka. Sikukaa. Jana nimeachishwa kazi, na leo Roscoe kanipita dukani bila salamu, simlaumu. Wakaguzi wa jimbo wanakuja Jumatatu, nami nimewawekea nakala za mpango za miaka yote mitatu.

Mazishi ni Jumamosi saa tano, barabara imefunguliwa. Ukiona huwezi kukaa benchi moja nami, kaa lingine, ila uje.

Nisalimie Marlys na watoto wote.

Ni mimi dada yako,
Verna