Kadi ya Watu Wawili

Majengo, Moshi
4 Mei 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, pamoja na shikamoo za wiki zote nilizonyamaza. Hapa tu wazima. Kindness ametimiza miezi saba, ana meno mawili na yote ananing'ata. Mguu wako unaendeleaje? Ng'ombe ameshazaa?

Simu anashika baba, ndiyo maana nampa barua Tabitha muuza ndizi. Ndani kuna kadi. Usishtuke, siyo ya mchango wa harusi. Hapa studio ya picha ninapopiga pasi magauni, siku hizi watu wanazawadiana kupigwa picha. Kaka Hosea, mwenye studio, amenipa kadi moja ya kupigwa bure nimpe nimtakaye. Nimekuandika wewe na Kindness. Wewe kwenye kiti, yeye mapajani. Nataka picha hiyo ikae ukutani kwenu, pale walipo wajukuu wengine. Mama, nilijifungua bila mtori wako, ile supu ya ndizi ya mzazi. Hili usininyime.

Mwanao,
Elisifa

Machame
19 Mei 2024

Elisifa mwanangu,

Marahaba. Mguu unauma nikipanda, kushuka sina neno. Ng'ombe kazaa dume, ndiyo bahati yetu.

Kadi baba yako ameiona. Akasema, "Mzee hupigwa picha kubwa ya kutangulia jeneza. Huyu anakuharakisha?" Baadaye akapoa: niende, ila nipigwe peke yangu. Mtoto asiye na baba hatatundikwa kwenye ukuta wake. Sasa nifanyeje? Nipigwe peke yangu, na wewe ubaki na nakala.

Mama yako

Majengo
23 Mei 2024

Mama, shikamoo. Tu wazima, kasoro moyo.

Nakala sitaki. Kadi imeandikwa watu wawili, na mmoja ni huyu aliyenilalia begani ninapoandika. Kama yeye haruhusiwi, ichane uwashie kuni. Mwambie baba, Kindness hana baba lakini ana mama, na huyo mama ana mama. Shule niliishia darasa la saba, ila hesabu hiyo naijua. Niliteremka huku na mimba na mfuko mmoja wa nguo, sikurudi kuomba hata chumvi. Na sasa siombi, natoa zawadi. Anayeikataa aikatae kwa mdomo wake, asikutume wewe.

Jumamosi tarehe mosi, saa nne, tutakuwa studio. Uje usije, tutakuwepo.

Elisifa wako

Machame
20 Juni 2024

Mama Kindness, mwanangu,

Sisi wazima. Kitenge nilichompakatia siku ile studio sijakifua, bado kinanukia mtoto.

Picha niliitundika. Baba yako akaishusha. Nikaitundika. Akaificha nyuma ya kabati. Nikaitoa, nikapigilia msumari wa inchi nne.

"Utaniharibia ukuta!"

"Mchanga wa ukuta huu niliubeba mimi, kichwani."

Jana jumuiya ilisali kwetu. Jirani yetu Mama Eliakim akaionyesha picha, akauliza mbele ya wote, "Jamani, huyu mnene ni wa nani?" Baba yako akajifanya anatafuta wimbo kitabuni. Nikasimama kabla hajaupata. "Ni mjukuu wa nyumba hii. Anaitwa Kindness, wa Elisifa."

Mama Eliakim akasema, "Sasa picha tutaibebaje mgongoni? Mleteni mwenyewe!"

Basi njoo Jumamosi, mchana kweupe. Pita barabara ya kanisani, siyo njia ya mgombani, na mtoto usimfunike uso.

Baba yako amesema siku hiyo atashinda Bomang'ombe. Nimeshampigia pasi shati la kwendea.

Mama yako