Nilivyomdanganya Binti wa Utafiti

Jumanne, Julai 2018

Wewe mama mzee, umelitupa daftari hili tangu Pasaka, kana kwamba kanisani walikufundisha herufi bure! Leo hofu ndiyo imekurudisha.

Binti aliyetumwa na serikali ya jimbo alikuja kuuliza sisi wahamiaji tunavyotibiwa na tunavyolipishwa kliniki. Nilimpa chai kwanza, maana mgeni haulizi na koo kavu.

“Gogo,” aliniita, yaani bibi kwa lugha ya hapa, “kuna mtu humu amewahi kufukuzwa kliniki?”

“Hapana mwanangu, wanatupokea vizuri sana.”

Uongo mtupu! Mjukuu wangu Neema alikuwa amekaa palepale na mimba yake ya miezi minane. Wiki jana walimrudisha mlangoni kwa sababu hana karatasi za kuishi nchi hii. Binti aliapa hachukui majina, lakini kichwani mwangu niliwaona polisi tu wakija kutufukuza nchini.

Alipotoka, Neema akaniuliza, “Bibi, si umesema wanatupokea? Basi uchungu ukinishika utanipeleka wapi?”

Polisi nawaogopa, ila Neema kuzalia humu fletini, bila daktari, na damu ikikataa kukoma...

Kesho binti anawauliza watu wa ghorofa ya juu. Usiliguse tena daftari hili kabla hujapanda kumwambia ukweli.