Mama Aliyekufa Kisha Akatia Hina

Alhamisi, 5 Februari

Nimemuogesha Dada Rukia, nimempa uji, nimepanda na kushuka ngazi mpaka magoti yamekataa. Kisha nifagie ukumbi kwa sababu ya wageni. Wageni gani! Bi Maryam na Bi Kusum, wale wale wa kila Alhamisi.

Mchezo tulioanza mwezi uliopita unaendelea. Kila mtu achague picha ya sinema aipendayo kuliko zote alizoziona maisha yake. Jina hataji, anasimulia kipande tu, wengine wanabahatisha. Tukishindwa, tunamkaangia bajia wiki inayofuata. Bi Maryam tulimjua hata hajameza mate, ya mwizi anayemrudishia kipofu bangili. Bi Kusum naye tulimpata. Yangu walisema inahuzunisha mno, kama mwenyewe.

Leo zamu ya Dada. Sikutaka asimulie, nilijua atapotea njiani. Kasimulia vizuri, sauti imara. Mama kachukuliwa na mto. Watu wamevaa nyeupe za msiba, binti analia mpaka anazirai. Halafu harusi ya binti, na yule mama kakaa pale pale, anamtia mwanawe hina, anaimba, anacheka.

Bi Maryam hajui kunyamaza: "We Rukia, mama si kafa? Hina anatia vipi?"

"Kafa, kisha katia hina," Dada kasema. "Nimeona kwa macho yangu."

Bi Maryam kacheka, kisha kaona uso wangu kaacha. Bi Kusum katizama chini. Dada kakasirika, kamwaga chai. Nimeona haya. Nimefuta chai peke yangu.

Ijumaa, 6 Februari

Nassor kaja baada ya sala, na mapapai. Mtoto mwema wa Dada, sina la kumsema. Kauliza hali ya mama yake. Nlikuwa nimechoka, nimemwambia yote. Jiko la gesi lililoachwa wazi. Picha ya maiti anayetia hina.

Lile la picha ndilo lililomshika. Anasema daktari kamwambia, akianza kuvuruga hata ya ujanani basi ugonjwa umesogea. Kwake Mbweni kuna chumba cha chini, hakuna ngazi, mkewe yupo, na msichana wa kazi. Anataka kumchukua kabla ya Ramadhani.

Nimesema basi mchukue. Nimelisema upesi. Mabega yakawa mepesi, astaghfirullah.

Jumapili, 8 Februari

Nassor kamwambia mwenyewe asubuhi. Dada hakulia, hakubisha. Kaniuliza mimi, si yeye: "Kwa sababu ya picha?"

Nimesema ndiyo. Rahisi kusema ndiyo.

Siku nzima ananiuliza kama nlikuwa naye sinema siku ile. Sikuwapo. Nlikuwa mdogo, nina surua, kaniacha kwa bibi akaenda na wenzake onyesho la wanawake. Jumapili hizo mji mzima ulikuwa mabuibui, sinema inajaa mpaka wengine wanakaa chini. Nimemjibu hivyo mara ngapi, sijui. Mara ya mwisho nimemjibu kwa ukali. Chakula hakugusa.

Nshachoka mie.

Jumatatu, 9 Februari

Bi Kusum kafunga duka lake la vitambaa mchana kweupe, kapanda ngazi zangu anatweta. Sikumbuki lini alifunga duka siku ya kazi.

Ati hajatulia tangu Alhamisi. Ile picha ya Kihindi anaijua. Alishindwa kuibahatisha kwa sababu Dada kaisimulia kichwa chini miguu juu. Hina iko katikati. Mama anakufa mwisho.

Na Dada aliiona hivyo hivyo alivyosema. Picha ilikuja nakala moja tu mjini, katika mikanda kadhaa, sinema zikaigawana. Mkanda ukimalizika huku, mtu anaukimbiza kwa baskeli kule. Jumapili ile, onyesho la wanawake, mikanda ilifika imevurugika, ikatiwa mashineni vile vile. Mama akafa kwanza, harusi ikaja nyuma. Watu wakatoka wanacheka. Bi Kusum aliiona siku nyingine, ilipopangwa sawa, akatoka amevimba macho. Wiki nzima wasichana waligombana dukani kwa baba yake, hawa wanasema kaokoka, hawa wanasema kazikwa.

Kihindi anakijua yeye. Sisi tulikuwa tunafuata nyuso na nyimbo, yaliyobaki tunajitungia. Ukumbi mzima wa wanawake ulijitungia kuwa mto umemrudisha mama wa watu. Nani angewaambia siyo?

Nimecheka mpaka machozi. Halafu machozi yakaendelea bila ya kicheko. Bi Kusum kanishika mkono.

Jioni nimempigia Nassor. Kafurahi kweli. Kisha kaniuliza taratibu: na gesi, mama mdogo? Na juzi aliponiita kwa jina la marehemu baba? Akasema hatomchukua kwa nguvu. Mimi ndiye ninayeshinda naye, niamue mimi, yeye atafuata.

Lo! Bora angemchukua tu.

Jumanne, 10 Februari

Dada kaniamsha alfajiri anataka kwenda skuli. Kavaa viatu. Nimemvua. Kavaa tena.

Alhamisi, 12 Februari

Mkutano wa mwisho kabla ya mfungo. Bajia za Dada zimekaangwa na walioshindwa, kama sheria. Za Bi Maryam zimeungua, kasingizia karai.

Bi Kusum kaitaja picha kwa jina, kaeleza habari ya mikanda. Dada kamsikiliza kama hakimu. Bi Maryam kapiga magoti mbele yake, kamwomba radhi, na Ramadhani ndiyo hiyo inaingia. Wamekumbatiana, wameimba ule wimbo wa hina, maneno hawayajui hata moja, wanapayuka tu. Bi Kusum anawasahihisha, hawasikii. Sijamuona Dada na furaha ile tangu mwaka jana.

Bi Maryam kamuuliza sasa ataifanyaje, maana kweli yenyewe mama anakufa.

"Mimi nimeiona nilivyoiona," Dada kasema, kachukua bajia nyingine.

Nikajisemea anabaki. Kwisha. Mtu mwenye jibu kama lile unampeleka wapi?

Wageni wakaanza kutafuta mitandio yao. Dada kanivuta nguo, kaniuliza kwa adabu, kama mgeni, mwenye nyumba hii ni nani, anataka kumuaga. Bi Maryam kainama anatafuta kiatu alichokwisha kukivaa.

Jumamosi, 14 Februari

Jana sikuandika. Nlikuwa sina mkono wala maneno.

Dada kaanguka ngazini, vidaraja vya mwisho. Hakuvunjika, Alhamdulillah. Lakini kumwinua sikuweza. Nimekaa naye chini pale, mgongo unaniuma, tunangoja mpita njia. Kapita muuza kahawa, katusaidia. Dada kamshukuru vizuri kuliko mimi.

Leo akili yake imetulia tangu asubuhi. Nimeona nikikawia itapita. Nimekaa kitandani kwake nimemwambia. Kwamba picha yake ni kweli na hakukosea neno. Kwamba aende Mbweni hata hivyo. Si kwa sababu ya picha. Kwa sababu siwezi tena kumbeba, na kuna siku namchukia, na sitaki kumchukia. Nimesema yote hayo.

Kajiinua kitandani.

"Ungesema umechoka," kasema. "Ningekwenda zamani. Mimi nilidhani nimekuwa mwendawazimu."

Sikupata pa kuuweka uso. Nimemkumbatia, nimenusa sabuni niliyomuogeshea mwenyewe. Nimemwomba radhi. Kasema kasamehe. Baada ya chakula kaniuliza kwa nini nimelia, nikaanza upya kumwambia. Mara ya pili haikuwa nyepesi.

Jumatatu, 16 Februari

Wamekuja Nassor na mkewe. Dada kashuka kwa kukaa, kidaraja kimoja kimoja, mimi mbele, Nassor nyuma, yeye katikati anatuamrisha sote wawili. Kavaa buibui jipya. Garini katizama mbele, hakugeuka. Nassor kasema Alhamisi baada ya Idi atatufuata sote watatu kwa gari, twende tukacheze mchezo wetu kule. Nimesema Inshallah.

Nimekunja shuka zake. Nimekula wali wa jana nimesimama. Baada ya adhuhuri nimejilaza kidogo, nikalala usingizi ambao sijaulala miaka, bila ya ndoto.

Laasiri nimeamka nimeshaitika, "Naam, Dada." Nimekaa nikasikiliza. Hakuna aliyeita. Nikaenda kutia udhu.