Vidonge vya Kumbukumbu vya Mama

Mdogo wangu,

Chai ya mama iko kwenye chupa. Sufuria iliyolowekwa usiitupe, nitaisugua mwenyewe. Vile vidonge vya kumbukumbu usimpe leo. Amemeza viwili. Nimempigia mfamasia wa dukani kwetu, kasema havitamdhuru, ila umwangalie.

Asubuhi mama alisahau chai jikoni, sufuria ikaungua nyeusi tititi. Nikamfokea mbele ya jirani aliyekuja kuazima pasi: "Mama, dawa umemeza au hukumeza?" Kama namhoji mwizi! Jirani akaondoka bila hiyo pasi. Ndipo mama akanijibu polepole, "Nilimeza, mwanangu. Nikaongeza na kingine, ili leo usinigombeze."

Na mimi ndiye muuza dawa. Kila siku namsikia mfamasia akiwaambia wateja: mzee akipimwa akakutwa na upungufu wa vitamini, vidonge hivi vya vitamini vitamfaa, lakini kwamba vinamlinda asisahau, bado hakuna uhakika. Nilijua, nikanunua. Kummezesha kidonge ni rahisi kuliko kujibu swali lilelile mara tano.

Jumamosi nampeleka akapimwe. Leo akikuuliza nimekwenda wapi, mjibu. Akiuliza tena, mjibu kama ndiyo kwanza anauliza.

~~Niombee msamaha kwake.~~ Hapana, usiniombee. Nitaomba mwenyewe jioni. Na kama atakuwa ameshasahau, nitaanza kwa kumkumbusha nilichomfanyia.

Dada yako